Kabla vyuo vyetu havijaahidi kuwalipa wazee mpaka mwisho wa umri wao

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua kuzungumzia jambo ambalo vyuo vikuu vya Unguja na Pemba vitalifikia tu, kama havijalifikia: kumwambia mtu mzima mwenye mali yake, "Tupe leo, na sisi tutakulipa kila mwaka mpaka Mungu atakapokuchukua." Sisi tunaoandika tunashughulika na hati za wakfu, amana na mirathi. Mpango huu unatupendeza, lakini tunaona watu wengi wanaanza kuusifu kabla ya kuupigia hesabu.

Wamarekani wanauita anuiti ya hisani. Mtoaji anakabidhi fedha au hisa kwa chuo, na akishakabidhi hazirudi. Chuo nacho kinajifunga kwa mkataba kumlipa kiasi kilekile kila mwaka maisha yake yote, au maisha yake na ya mwenziwe wa ndoa. Akifariki, kilichobaki ni cha chuo. Si jambo la jana wala juzi. Mwaka 1831 mchoraji John Trumbull, ambaye uzee ulimkuta mikono mitupu, alikipa Chuo cha Yale picha zake kwa ahadi ya dola 1,000 kila mwaka mpaka kufa kwake. Alifariki mwaka 1843, na picha ziko Yale mpaka leo.

Kiasi cha kulipa hakipangwi kwa kukisia. Tangu mwaka 1927 wana baraza lao linalotoa jedwali la viwango vya juu vinavyoshauriwa, na vyuo vingi hulifuata ili visigombanie watoaji kwa kupandishiana dau. Jedwali lililoanza kutumika Januari 2024 linampa mtu wa miaka 65 asilimia 5.7 ya alichotoa kila mwaka, wa miaka 70 asilimia 6.3, wa miaka 75 asilimia 7.0, wa miaka 80 asilimia 8.1, na wa miaka 90 na kuendelea asilimia 10.1. Mwenye umri mkubwa hupata zaidi kwa sababu miaka ya kumlipa inatarajiwa kuwa michache. Viwango hivyo hupangwa kwa lengo kwamba mtoaji akifariki, chuo kibakiwe na kiasi cha nusu ya kilichotolewa, baada ya kutenga asilimia 1 kila mwaka kwa gharama za uendeshaji. Ndiyo maana anuiti ya chuo hulipa pungufu kuliko ya kampuni ya bima. Ule upungufu ndiyo sadaka yenyewe, na mtoaji aambiwe hivyo waziwazi. Sheria ya kodi ya huko nayo inataka sehemu ya sadaka izidi asilimia 10 ya kilichotolewa.

Sasa tuilete hesabu hiyo Tunguu, palipo na vyuo vikuu vyetu. Mtu wa miaka 70 anatoa shilingi milioni 50, chuo kinaahidi asilimia 7. Ni shilingi 3,500,000 kwa mwaka, yaani 875,000 kila robo mwaka. Chuo kikiziweka fedha zote kwenye hatifungani ya Serikali ya miaka 20 kwa asilimia 12.10, kiwango kilichowekwa mwaka 2022, kitapata shilingi 6,050,000. Toa 500,000 za uendeshaji, toa 3,500,000 za mtoaji, zinabaki 2,050,000 na mtaji haujaguswa. Kwa hesabu hiyo kila mtu analala usingizi.

Lakini mtaji hauachwi ukakaa. Mwaka wa kwanza tu atatokea mtu kwenye kikao aseme maabara haina kompyuta, na fedha zipo benki zimelala. Wakichukua nusu, milioni 25 zilizobaki zitaleta 3,025,000. Ukitoa asilimia 1 ya uendeshaji, zinabaki 2,775,000, na ahadi ni 3,500,000. Pengo la mwaka wa kwanza ni 725,000, ambalo litafidiwa kwa kumega mtaji. Mwaka wa pili mtaji ni mdogo zaidi na pengo ni kubwa zaidi. Kwa mwendo huo mfuko unakauka karibu na mwaka wa kumi na tano, mtoaji akiwa na miaka 85. Faida ikishuka ikawa asilimia 9, kwa kuwa hatifungani mpya zinaweza kutoka kwa kiwango cha chini, mfuko unakauka mwaka wa kumi na moja, naye ana miaka 81. Mtu wa miaka 81 si ajabu, si Makunduchi wala Micheweni. Kuanzia hapo analipwa kwa ada za wanafunzi, yaani sadaka imegeuka deni na wanaolilipa ni walewale iliyokusudiwa kuwasaidia.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba mtaji usiguswe mpaka mtoaji afariki. Hata ile ziada ya 2,050,000 ibaki ndani ya mfuko miaka mitano ya mwanzo iwe akiba. Akaunti iwe peke yake, isichanganywe na ya mishahara hata kwa siku moja, na sahihi moja kati ya zinazotakiwa kutoa fedha iwe ya mtu asiyeajiriwa na chuo. Tunajua sharti hili la mwisho halipendwi na wahasibu.

Tena kuna suala la idadi. Chuo chenye watoaji mia mbili kinaweza kutegemea kwamba atakayeishi miaka 97 atafidiwa na atakayefariki akiwa na 74. Chuo chenye watoaji watatu hakina wa kumfidia mwenzake. Bibi mmoja mwenye afya njema anatosha kuvuruga mahesabu yote. Na vyuo vyetu vitaanza na watatu, si mia mbili. Ahadi ya kulipa mpaka kifo inafanana mno na biashara ya bima ya maisha, ambayo msimamizi wake ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania. Chuo kiiandikie mamlaka hiyo na kipate jibu la maandishi kabla ya kupokea shilingi ya mwanzo. Kiangalie pia kama kampuni ya bima ya maisha itakubali kuibeba ahadi hiyo kwa malipo ya mara moja. Itakula sehemu ya sadaka, lakini mhasibu hatakuwa anahesabu umri wa watu.

Mtoaji naye aambiwe mambo mawili ambayo karatasi za matangazo huyapita mbio. La mwanzo, malipo hayapandi. Bei zikipanda asilimia 4 kwa mwaka, baada ya miaka 15 ile 3,500,000 itanunua vitu ambavyo leo vinanunuliwa kwa 1,940,000 hivi, na miaka hiyo ndiyo ya dawa na ya kulipa mtu wa kumtazama. La pili, fedha hizi si akiba ya benki. Bodi ya Bima ya Amana humfidia mwenye akaunti mpaka shilingi 7,500,000 benki ikianguka. Aliyekipa chuo fedha zake hana kinga hiyo. Chuo kikishindwa, atasimama foleni na wadai wengine.

Tumeanza na hesabu kwa makusudi. Tungeanza na sharia, wengine wangesema tatizo ni la kidini tu na fedha haina neno. Zote mbili zina neno. Wazee wengi wa visiwa hivi ni Waislamu, na mkataba wa kutoa fedha taslimu leo ili urejeshewe fedha taslimu kidogo kidogo, kwa jumla inayoweza kuzidi ulichotoa na kwa muda ambao hakuna anayeujua, una harufu ya riba na una gharari, yaani kubahatisha jambo lisilojulikana, ndani yake. Kuubandika jina la hiba, yaani zawadi, hakuuondolei hayo. Chuo kiende Ofisi ya Mufti na rasimu ya mkataba mkononi, si na maelezo ya mdomo, kabla ya kumwita mtu yeyote. Ukishawakusanya wazee ukumbini, kisha Ijumaa inayofuata wakasikia kwenye hotuba kwamba jambo lile halifai, hutawapata tena hata kwa lililo halali.

Rai yetu ni kuacha kabisa kiasi maalumu cha fedha na kuchukua fungu. Mtoaji na chuo wagawane kinachopatikana kweli kutokana na mali iliyotolewa: kodi ya nyumba, kodi ya duka, mavuno, au faida ya sukuk, yaani hati za uwekezaji zisizo na riba. Mwaka mzuri wote wanapata zaidi, mwaka mbaya wote wanapungukiwa, na chuo hakidaiwi kisichoingia. Hata hivyo mali ya watu wengi hapa si fedha benki. Ni nyumba, mlango wa duka, kiwanja na miti.

Chukua mlango wa duka Darajani unaokodishwa, tuseme, kwa 600,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 7,200,000. Asilimia 25 iende kwenye matengenezo kabla ya mtu yeyote kula: 1,800,000. Asilimia 5 ya msimamizi: 360,000. Zinabaki 5,040,000. Wakikubaliana sitini kwa arubaini, upande wa mtoaji unapata 3,024,000 na chuo 2,016,000 tangu mwaka wa kwanza. Baadaye zote zinakuwa za chuo. Kodi hupandishwa kadiri soko linavyopanda, kwa hiyo lile tatizo la shilingi kuyeyuka linapungua bila ya kuandika kifungu chochote.

Hapa sasa ndipo hati nyingi zinapoharibika. Mtu huja na maneno yake tayari: "Nyumba yangu nimeiweka wakfu kwa chuo, na kodi nitakula mwenyewe mpaka nife." Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa, kauli yenye nguvu ni kwamba mtu kujiwekea wakfu nafsi yake hakusihi. Mahanafi kwa kauli ya Abu Yusuf, na Mahanbali, wanaruhusu. Lakini kadhi atakayeletewa kesi na warithi hapa hatalazimika kufuata kauli hiyo. Warithi wakilijua hilo, na siku hizi wanalijua, hati inapingwa kabla arubaini haijatoka.

Zipo njia zilizo salama zaidi. Ya kwanza ni kuweka wakfu kwa wengine: mke, mabinti, au mjukuu mlemavu, wale fungu lao, na chuo kiwe na fungu lake tangu siku ile ile, kisha wao wakiondoka chuo kichukue lote. Tunasisitiza chuo kianze kupata mapema, hata ikiwa asilimia 10 tu. Sababu ni ya kihistoria. Mwaka 1894 Baraza la Faragha la London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza, katika kesi kutoka India, lilibatilisha wakfu wa familia kwa hoja kwamba sehemu ya hisani ilikuwa mbali mno na ya jina tu. India waliirekebisha kwa sheria mwaka 1913, lakini hoja hiyo ilitumika Zanzibar katika kesi ya mwaka 1946. Wakfu ambao hisani yake inaonekana katika daftari la mapato tangu mwezi wa kwanza hauna haja ya kubishaniwa hivyo.

Njia ya pili inapatikana katika vitabu vya Shafi vyenyewe: mwenye nyumba anaikodisha kwanza kwa muda mrefu, kodi ikiwa haki yake, ndipo anaiweka wakfu nyumba hiyo ikiwa na mkataba wa ukodishaji juu yake. Kodi ya muda ule ni yake kwa mkataba uliotangulia, si kwa wakfu. Mpangilio wa tarehe ndiyo kila kitu. Tumekuta hati mbili zilizotiwa saini siku moja, mezani pamoja, na wakfu ikawa na nambari ya usajili iliyotangulia. Ya tatu ni mtoaji kuwa mutawalli, yaani msimamizi, wa wakfu wake na kulipwa ujira wa kazi hiyo, usizidi anaolipwa msimamizi mwingine yeyote kwa kazi kama ile. Ni njia nyembamba. Ujira wa asilimia 60 si ujira.

Anayetaka kubaki akikaa ndani ya nyumba yake ajihadhari na hiba. Hiba haitimii bila ya kukabidhi. Mtu akiandika leo kwamba nyumba ameipa chuo, na kesho amelala chumba kile kile na funguo ni zake, hajakabidhi. Funguo na hati zikabidhiwe mbele ya mashahidi, chuo kiingie, kiandike orodha ya vyumba na hali yake. Ukaazi wa mzee uje katika mkataba wake mbali, usiwe sharti ndani ya hiba. Na lolote linalofanywa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia, halipiti thuluthi ya mali. Kwa hivyo hati isainiwe mtu akiwa mzima, na cheti cha daktari cha wiki hiyo hiyo kiambatishwe. Hiki cheti watu hukiona cha uchuro, ila kimezima kesi nyingi kuliko mawakili. Kwa Waibadhi, baadhi ya haya yana kauli nyingine, wakaulizwe wanazuoni wao.

Kuhusu miliki tutasema machache kwa kuwa kila mwenye kiwanja anayajua kwa shida zake. Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya Rais, kwa sheria ya mwaka 1992. Mtu ana haki ya matumizi. Chuo kikague haki hiyo iko kwa jina la nani hasa. Mara nyingi bado iko kwa jina la babu aliyefariki zamani, mirathi haijagawiwa, na anayetoa ana fungu moja tu kati ya tisa. Hapo hakuna cha kupokea mpaka mirathi yapite Mahakama ya Kadhi na kila mtu ajue chake. Eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi zina masharti yake na haziendi kama shamba la kununua. Pemba jambo hili lina sura nyingine, kwa kuwa mikarafuu inaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ya mwingine. Hati iseme kinachotolewa ni miti, ardhi, au vyote, na miti ihesabiwe na kutiwa alama shina kwa shina. "Shamba la Ole, mikarafuu kiasi" si maelezo.

Karafuu ndiyo inayoonesha wazi kwa nini ahadi ya kiasi maalumu haitufai. Mkarafuu hauzai sawasawa: msimu mkubwa huja, kisha miaka ya kubahatisha. Anayeahidi milioni mbili kila mwaka kutokana na shamba la karafuu atakopa mwaka mbaya ili alipe, na mwaka mzuri utakwenda kulipa mkopo. Fungu la mavuno, baada ya kutoa gharama za kupalilia, kuchuma na kuanika, linalipika kila mara. Fungu lihesabiwe kwa stakabadhi za mauzo ya ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, si kwa pishi zilizopimwa uani. Tena hati itaje nani anapanda miche pale mti unapokufa. Shamba la wakfu ambalo hakuna aliyeandikwa kupanda huwa kichaka ndani ya kizazi kimoja.

Nyumba ya Mji Mkongwe ni zawadi inayotamanisha na inayoweza kufilisi. Kabla ya kukubali, chuo kipeleke fundi wa chokaa, si mkandarasi wa matofali tu. Aanze juu, kwenye paa na mifereji ya maji. Kisha ashuke kutazama vichwa vya boriti pale vinapoingia ukutani. Boriti za mikoko huwa nzima katikati na zikaoza kichwani, kwa sababu maji ya paa linalovuja huteremka ndani ya ukuta na kukaa pale. Bisibisi ikizama kama kwenye keki, boriti ile imekwisha hata kama dari limepakwa rangi jana. Atazame pia kama kuta za mawe na chokaa zimepigwa saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, chokaa ya nyuma yake inageuka unga, na lipu hutoka bapa zima. Gharama ya kurekebisha iandikwe kwa shilingi na ipunguzwe kwenye thamani ya zawadi, na mjadala wa vibali na Mamlaka ya Mji Mkongwe uanze kabla ya hati kusainiwa. Nyumba isiyoweza kulipia matengenezo yake kwa kodi yake yenyewe ndani ya miaka mitano, chuo kiwe na ujasiri wa kuikataa kwa shukrani. Tunajua ni vigumu kumwambia mtu mzima hivyo usoni.

Jina la anayepewa nalo lina mitego. Chuo cha Afya cha Mbweni na Chuo cha Utalii cha Maruhubi leo vimo ndani ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Chuo cha Elimu cha Chukwani, kilichoanza mwaka 1998, sasa kinaitwa Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Hati inayotaja skuli moja tu, au kozi moja tu, huzua kesi siku jina linapobadilika au kozi inapofungwa. Maneno tunayopendekeza ni haya: "kwa chuo kilichotajwa, au taasisi itakayokirithi kisheria, kwa ajili ya wanafunzi wa fani za afya, na wasipokuwepo, kwa fani iliyo karibu nayo kadiri mutawalli atakavyoona, na chuo kisipokuwepo, kwa mafukara wa Zanzibar." Kile kifungu cha mwisho si cha kujaza karatasi. Wakfu hutakiwa uwe na pa kwenda siku zote.

Walioko ng'ambo wanaouliza kama wanaweza kufanya anuiti ya Marekani kwa manufaa ya chuo cha hapa: nafuu ya kodi ya huko hupatikana kwa kuitoa kwa taasisi ya hisani iliyosajiliwa huko huko, si kwa kutuma moja kwa moja Tunguu. Ikiwepo taasisi ya huko iliyo tayari kubeba ahadi hiyo na kuikabidhi chuo kilichobaki, sawa. Mfanyabiashara wa hapa naye asipewe matumaini makubwa, kwani michango ya hisani inayokubalika kupunguzwa kwenye mapato ya biashara chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haizidi asilimia 2 ya mapato hayo.

Mtu akija chuoni na nia, asipelekwe moja kwa moja kwenye saini. Siku ya kwanza aombwe nakala ya hati ya miliki, barua ya sheha (kiongozi wa shehia yake), risiti za kodi za miezi kumi na miwili kama kuna mpangaji, na majina ya wanaomrithi. Wanaomrithi waitwe. Si kwa sababu idhini yao inahitajika, kwani mtu mzima mwenye akili timamu anatoa mali yake, bali kwa sababu mtoto aliyesikia habari hii kwa baba yake akiwa hai ni mgumu kuipinga kuliko aliyeisikia kwa wakili baada ya mazishi. Mtoaji awe na wakili au mwanasheria wake mwenyewe, asitumie wa chuo. Apewe mwezi mzima wa kufikiri. Hati ikishapita, isajiliwe Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana pamoja na upande wa ardhi, nakala tatu: ya chuo, ya mtoaji, ya Kamisheni. Kila mwaka chuo kimpelekee karatasi moja inayosema kilichoingia, kilichotumika kwa matengenezo, fungu lake, na fungu la chuo lilisomesha nani, kwa idadi na fani.

Mwisho ni suala la siku ya kufa, ambalo huachwa kwa haya. Hati iseme kama fungu linakoma tarehe ya kifo au mwisho wa robo mwaka ile, na fungu lililokwisha kuiva lakini halijalipwa ni la nani. Kwa kawaida huingia kwenye mirathi yake. Chuo kidai uthibitisho wa uhai mara moja kwa mwaka, kwa barua ya sheha, na kwa mgonjwa afisa aende nyumbani. Bila ya hivyo fedha zitaendelea kuingia kwenye akaunti ya marehemu, mtu mwenye kadi yake atazitoa, na chuo kitajikuta kinawadai mayatima fedha ambazo hawakuzila. Simu ya mtu wa kutoa taarifa iandikwe kwenye hati pamoja na ya mtu wa pili, na asiwe yule yule mwenye kadi ya benki.

Wenu,
Wasomaji wenu wa masuala ya wakfu na mirathi,
Mjini Unguja